Mahakama za polisi za London hazikuwa za polisi peke yao

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Tangu hapo, kila anayeligusa suala hili hurudi London ya mwaka 1824. Ana sababu ya kurudi huko. Kanuni za Adhabu zilizoanza kutumika Kenya na Tanganyika mwaka 1930 zilibeba vifungu vya uzururaji vinavyotokana na Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya 1824, na maneno mengine yalinakiliwa kama yalivyo.

Ila safari hiyo ya kurudi London huishia kwenye picha moja tu. Konstebo ana kirungu, hakimu ana hasira, maskini yuko kizimbani, na baada ya dakika chache kafungwa. Wengi walipita hivyo, sikatai. Wako wengine waliosimama mbele ya hakimu yule yule bila kuburutwa na mtu. Waliamka asubuhi, wakaenda kwa miguu yao, wakasema wameonewa. Hao wamesahauliwa, na kwa kuwasahau tunakosea kuelewa mahakama hizi za polisi za London zilikuwa nini.

Zilianza rasmi mwaka 1792. Bow Street ilikuwa na hakimu wake tangu karibu mwaka 1740, lakini kwingine London haki ndogo ndogo ilishikwa na mahakimu waliojilipa kwa ada za watu waliofika mbele yao. Waliitwa mahakimu wachuuzi, na jina liliwafaa, maana kila ugomvi wa jirani kwao ulikuwa biashara. Sheria ya 1792 ikafungua ofisi saba za polisi, ndizo mahakama zenyewe, kuanzia Great Marlborough Street hadi Shadwell, kila moja na mahakimu watatu wenye mshahara wa pauni 400 kwa mwaka na makonstebo wachache wa kwao. Ofisi ya mto Thames pale Wapping ilikuja nyuma yake. Nje ya London mambo yalikwenda polepole zaidi: Manchester ilipata hakimu wa mshahara mwaka 1813, na miji mingine ikaruhusiwa kumwomba baada ya sheria ya mabaraza ya miji ya 1835. Msomaji wa Tanzania aifikirie Mahakama ya Mwanzo, ila makonstebo wakiwa chini ya hakimu mwenyewe. Hilo la makonstebo nitalirudia.

Ili tuone ofisi hizi zilimsaidia nani, tutazame kwanza mtu aliyeibiwa alikuwa na njia gani nyingine. Uingereza ya wakati huo haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali kwa kesi za kawaida. Aliyeibiwa ndiye aliyeshtaki. Yeye ndiye aliyelipia hati, akaacha kazi yake, akasubiri kikao, akawaleta mashahidi na kuwalisha. Na mwisho wa safari hiyo ulitisha. Hadi 1808, kuchomoa kitu mfukoni mwa mtu bila yeye kujua, kikizidi thamani ya shilingi moja, kulikuwa kosa la kunyongwa. Kuiba dukani kitu cha shilingi 5 kulibaki kosa la kunyongwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1820, kwa sababu Baraza la Mabwana, baraza la juu la Bunge, lilikuwa likiukataa muswada wa kuifuta adhabu hiyo kila ulipoletwa, tangu 1810. Wengi waliohukumiwa kifo hawakunyongwa, bali walisafirishwa Australia au walifungwa. Lakini aliyekwenda kushtaki hakujua mapema ni lipi litakalotokea. Juri, yaani raia 12 walioamua kama mshtakiwa ana hatia, zikajifunza kusema uongo wa huruma: kitu cha pauni kadhaa kilichoibwa ndani ya nyumba kikatamkwa kuwa cha shilingi 39, kwa kuwa shilingi 40 zilikuwa na kitanzi ndani yake.

Sasa mchukue mama mwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, vyenye vitanda na shuka zake. Mpangaji kaishiwa Jumatatu. Anaikunja shuka, anaipeleka duka la rehani, anapewa pesa ya mkate na kadi, akiwa na nia ya kuikomboa Jumamosi akilipwa. Riba yenyewe ni nusu peni kwa mwezi kwa kila shilingi mbili na nusu. Jumamosi inafika, pesa haitoshi, na mama anagundua kitanda kitupu. Kisheria huo ni wizi, na mwizi wa namna hiyo angeweza kusafirishwa ng'ambo miaka saba. Mama hataki hayo. Anataka shuka yake. Sheria ya rehani ya 1800 ilimpa hakimu uwezo wa kumtoza faini aliyeweka rehani mali isiyo yake na kuamuru mali irudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo mama anakwenda ofisi ya polisi, mwenye duka anaitwa na kadi yake, na shuka inarudi. Hapo hapatakuwa na juri wala wakili, wala mtu kupandishwa meli.

Kesi za namna hii hazina mashujaa, na ndiyo sababu hazikuandikwa. Kumbukumbu nyingi za ofisi hizo hazikuhifadhiwa, na kilichobaki zaidi ni magazeti. Waandishi wa magazeti walikaa Bow Street wakitafuta kichekesho au ukatili, kwa kuwa ndivyo vilivyouza gazeti. Charles Dickens naye alipomchora hakimu Fang katika riwaya yake ya Oliver Twist, alimchukua hakimu halisi wa Hatton Garden, Allan Stewart Laing, mtu wa maneno makali aliyeondolewa kazini mwaka 1838. Fang amebaki vichwani mwa watu kuliko sheria zote nilizozitaja, na wengi wetu tunamhukumu kila hakimu wa London kwa sura yake.

Kuna takwimu moja ambayo hutumiwa kuonyesha jinsi vyombo hivi vilivyowasaga maskini. Katika Uingereza na Wales, watu waliopelekwa kushtakiwa mbele ya juri walikuwa 4,605 mwaka 1805. Mwaka 1842 walikuwa 31,309. Karibu mara saba, na idadi ya watu nchini haikufika hata maradufu: ilitoka milioni 8.9 mwaka 1801 hadi milioni 15.9 mwaka 1841. Mmoja atasema ni ushahidi kwamba uhalifu ulifurika mijini. Mwingine atasema polisi waliwawinda wanyonge. Mimi nimeitazama tarakimu hii kwa muda mrefu, na naona wote wawili wanaifanya iseme isichokijua.

Kwanza, tarakimu hiyo haihesabu wezi, inahesabu mashtaka. Na mashtaka yalikuwa ghali, kisha yakashuka bei. Sheria ya Robert Peel ya 1826 ilipanua malipo ya gharama kwa mshtaki na mashahidi wake, hata mtu wa kipato kidogo akaweza kufikiria kushtaki. Adhabu ya kifo iliondolewa kosa baada ya kosa, na aliyekuwa akinyamaza kwa kuogopa damu ya mtu akaacha kunyamaza. Polisi wa London wakaanza kazi 1829, na miji mingine ikafuata baada ya 1835. Pia mwaka 1842 wenyewe ulikuwa mwaka wa njaa na migomo ya Lancashire, si mwaka wa kupimia miaka mingine. Pili, na hili ndilo linalonikaa moyoni, sehemu kubwa ya wale 31,309 ilikuwa wizi mdogo: nguo, chakula, vyombo vya kazi. Hao walikaa mahabusu wakisubiri kikao, wiki kadhaa na pengine miezi, kwa kitu cha shilingi chache, kwa sababu tu hakimu wa chini hakuruhusiwa kuwahukumu. Sheria ya 1847 ilipowaruhusu mahakimu kuwahukumu wezi wa chini ya miaka 14, na ile ya 1855 ilipowaruhusu kumaliza wizi wa chini ya shilingi 5 kwa ridhaa ya mshtakiwa mwenyewe, waliopelekwa mbele ya juri wakapungua ghafla. Wezi hawakutubu mwaka ule. Kilichobadilika ni mlango waliopitia.

Anayesema juri ndiyo ngao ya maskini aitazame vizuri hali hiyo. Mtoto aliyedokoa kitambaa alingoja gerezani kati ya wahalifu wazoefu ili apate heshima ya kuhukumiwa na watu 12, na kesi yenyewe ikifika ilimalizika kwa dakika chache vile vile.

Tuje kwa wanawake. Kabla ya 1828, mke aliyepigwa na mumewe alikuwa na njia mbili hafifu. Angeweza kumwomba hakimu amtake mume aweke dhamana ya kutunza amani, au angefungua mashtaka rasmi ya kupeleka kikao cha juri, kwa gharama ambayo nyumba yake haikuwa nayo. Sheria ya 1828 juu ya makosa dhidi ya mwili iliwapa mahakimu wawili uwezo wa kusikiliza kesi ya shambulio la kawaida palepale, na kutoza faini hadi pauni 5, au kifungo cha miezi miwili asipolipa. Ni adhabu ndogo. Mara nyingi faini ilitoka kwenye pesa ya chakula cha watoto wa mlalamikaji mwenyewe. Hata hivyo wanawake walikwenda. Mwaka 1853 Bunge liliongeza adhabu hadi miezi sita kwa wanaowapiga vibaya wanawake na watoto, jambo ambalo lisingefikiriwa kama mahakama hizi zisingekuwa zimeonyesha, asubuhi baada ya asubuhi, yaliyokuwa yakifanyika vyumbani.

Upande wa pili una hoja nzito, na nzito kuliko zote ipo Wapping. Ofisi ya polisi wa mtoni ilianza 1798 kwa fedha za wafanyabiashara wa West India, yaani visiwa vya Karibi, chini ya Patrick Colquhoun na John Harriott. Wapakuaji wa meli walikuwa wamezoea kuondoka na masalio: sukari iliyomwagika, kahawa iliyodondoka, makaa kidogo. Waliyaona ni sehemu ya ujira wao. Ghafla yakaitwa wizi. Oktoba 1798, wapakua makaa walipotozwa faini ya shilingi 40, pesa inayozidi mshahara wa wiki wa vibarua wengi, umati uliizingira ofisi, risasi zikafyatuliwa, na Gabriel Franks, aliyekuwa akiwasaidia polisi, akapata jeraha lililomuua. Siwezi kuwaambia watu wale kwamba mahakama ile ilikuwa yao. Ililipiwa na matajiri wao, na konstebo aliyewapekua alikuwa wa hakimu aliyewahukumu.

Kisha ikaja sheria ya 1824. Ilimruhusu hakimu kumfunga miezi mitatu na kazi ngumu mtu "anayeshukiwa" au "anayejulikana kuwa mwizi" akionekana mahali pa watu kwa nia ya kuiba. Hakuna kilichoibwa, hakuna mwenye mali. Na sheria ya 1839 iliweka kifungu kibaya zaidi kwa maoni yangu: aliyekutwa na kitu kinachoshukiwa kuwa cha wizi, akashindwa kueleza alikipataje, alifungwa hadi miezi miwili au kutozwa faini hadi pauni 5. Mzigo wa kuthibitisha ukahamia kwa mshtakiwa. Mbebaji mizigo, muokota chuma, kijana mwenye furushi jioni, wote walitakiwa kuthibitisha umiliki wa vitu ambavyo maskini hapewi risiti yake.

Kwangu mimi, mstari unapita hapa. Ofisi ile ile ilifanya kazi mbili. Ilipomsikiliza mtu mwenye jina aliyesema fulani amenifanyia hivi, wepesi na urahisi wake vilikuwa neema. Pale ambapo konstebo ndiye mlalamikaji na shahidi pekee, na kosa lenyewe ni jinsi mtu anavyoonekana, wepesi ule ule ukawa balaa. Mstari huu haujanyooka kila mahali. Sheria ya mabwana na watumishi ya 1823 ilikuwa na mlalamikaji mwenye jina, naye ni mwajiri, na ilimruhusu hakimu kumfunga mfanyakazi hadi miezi mitatu kwa kuvunja mkataba, ilhali mwajiri aliyenyima mshahara aliamriwa tu kulipa. Kwa hiyo mlalamikaji peke yake hatoshi, sheria nayo ikiwa imepinda. Lakini bado ndio mstari ulio karibu zaidi na ukweli.

Waingereza wenyewe walirekebisha mengi. Mwaka 1836 mshtakiwa wa kesi ndogo alihakikishiwa haki ya kuwa na wakili na kuwahoji mashahidi. Mwaka 1839 mahakimu wa London walitenganishwa na kazi ya polisi, na 1848 ikaamriwa kesi hizi zisikilizwe mlango ukiwa wazi. Kifungu cha "anayeshukiwa" ndicho kilichoachwa. Kilidumu hadi 1981, kikafutwa mwaka ule ule wa ghasia za Brixton, eneo la London, baada ya vijana weusi wa London kukamatwa kwacho kwa miaka.

Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka vifungu vya uzururaji vifutwe Afrika Mashariki. Nisichokubali ni hoja inayofuatia mara nyingi, kwamba mahakama ya chini, ya haraka, isiyo na mawakili, ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwaka 1827 mwanamke wa London aliyevunjwa meno na mumewe alikuwa na haki kamili ya kwenda mbele ya juri ya watu 12. Hakuwa na pesa ya kufika huko.