Fyuzi si waya wowote tu
Amplifaya ya besi ya kwaya ikizima hapa Moshi mjini, dawa ni ileile: fyuzi iliyokatika inaviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, "tayari hiyo!" Tayari nini? Fyuzi haikatiki kwa kupenda. Mara nyingi transista za kutolea sauti zimepiga shoti. Chomoa umeme, subiri kapasita kubwa ziishe chaji, pima kati ya kolekta na emita (miguu miwili ya transista) kwa multimita. Ukishabadilisha zilizokufa, washa amplifaya kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 (ya LED haifai kabisa) iliyofungwa kwa mfululizo. Iking'aa bila kufifia, shoti bado ipo. Na spika isirudishwe kabla ya kupima DC (umeme wa mwelekeo mmoja) kwenye nyaya zake: inatakiwa ikaribie sifuri. Ikisoma volti 20, koili inaungua. Spika ya inchi 15 hiyo, nani ailipe, kwaya?