Ukitaka watu wasiruke, andika wasiruke

Niseme mapema ili tusizungushane: mi sipingi katamarani zinazoruka juu ya maji. Nikipata video ya mbio za A-Class naiangalia mpaka bando linaisha, boti nzima imenyanyuka imebaki kwenye foili tu, vile vibawa vya chini ya maji, na jamaa kaning'inia nje kwenye waya, nani asipende hiyo. Ninachopinga ni kanuni zinazoandikwa na watu wanaojua kabisa wanachokitaka ila hawakitaji, wanazungukazunguka na vipimo wakidhani mafundi hawataona upenyo. Mafundi wanaona bwana. Ndiyo kazi yao.

Kwa asiyeijua, A-Class ni katamarani ya mtu mmoja. Mitumbwi miwili myembamba ya kaboni, mlingoti, tanga moja, hakuna jibu (lile tanga dogo la mbele), hakuna spineka (lile tanga kubwa la kutuna la kwenda na upepo). Kanuni yake kwa miaka mingi ungeweza kuiandika kiganjani: urefu usizidi mita 5.49, upana usizidi mita 2.30, tanga pamoja na mlingoti lisizidi mita za mraba 13.94, uzito usipungue kilo 75. Mengine fundi ajijue. (Kilo 75! Mabaharia wengi wenyewe ni wazito kuliko boti wanayoiendesha.) Hiyo 13.94 inaonekana namba ya ajabu lakini ni futi za mraba 150 tu, imebaki tangu enzi zile wakubwa wa mchezo wa matanga walipogawa katamarani makundi manne kwa ukubwa wa tanga, A futi 150, B 235, C 300 na D 500. D haikufika mbali. B ikazaa Tornado mwaka 1967, kazi ya Rodney March, ikaingia Olimpiki 1976 na ikakaa humo mpaka 2008. C ikaachwa wazi kuliko zote, wakaishia kutupa kitambaa na kusimamisha bawa gumu kama la ndege mahali pa tanga, na mwaka 1988 Wamarekani walipotaka katamarani ya kutetea America's Cup, lile kombe kubwa la mbio za matanga, wakaenda kuwaita haohao watu wa C-Class wawabunie bawa. Ila uhuru wa hivyo una bei yake, boti za C hazijawahi kuwa nyingi hata siku moja, ni mchezo wa wachache wenye muda na pesa ya kuharibu.

A ilikuwa katikati, na ndiyo maana ilipendwa. Uhuru wa kutosha mafundi wasichoke, vipimo vya kutosha fundi mmoja asiwakimbie wengine mbali sana.

Sasa shida ilianzia kwenye dagabodi, yaani ule ubao unaoshushwa majini kupitia kasha lililo ndani ya mtumbwi ili boti isisukumwe kando wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo. Zamani ulikuwa umenyooka. Watu wakaanza kuupinda, na ukiupinda maji hayauzuii kando tu, yanausukuma na juu pia, boti inapungua uzito majini na inakwenda kasi. Hapo wakubwa wa klasi, yaani wasimamizi wa hizi boti za A, wakaona mbele: leo bodi zimepindwa, kesho zitakuwa na mabawa, kesho kutwa boti zinaruka, na boti ya mwanachama aliyejibana miaka kuinunua inakuwa mapambo. Hofu hiyo mi naielewa kabisa na wala siicheki.

Dawa waliyoitoa 2009 ndiyo inayonikera. Ni ile watu wanayoiita Kanuni ya 8. Ilisema bodi lazima iingizwe kwa juu, na ikiwa chini ncha yake isisogee karibu na mstari wa katikati ya boti kuliko sentimita 75. Basi. Hesabu yao ilikuwa kwamba kitu chenye bawa la kulala hakiwezi kupita kwenye kasha kutokea juu, na hata kikipita hakitakuwa na nafasi ya kutosha chini ya boti. Kuruka hawakukutaja kokote, wakauachia upana wa tundu uwafanyie kazi ya ulinzi.

Na tundu likalinda kwa muda kweli. Halafu ikaja 2012, kule Auckland, Emirates Team New Zealand wakatoka na katamarani ya mita 22 ya America's Cup, ile AC72, ikanyanyuka ikaruka na hakuna aliyetegemea. Kanuni za AC72 nazo zilikuwa zimeandikwa kwa namna ya kufanya kuruka kusiwe na faida. Na sikiliza utamu wake: walioandika kanuni hizo ni ofisi ya wabunifu Morrelli na Melvin, na walipomaliza wakaenda kufanya kazi na timu ileile ya New Zealand. Hawakuvunja kitu, ila nani anajua upenyo wa nyumba kuliko aliyeijenga.

Ndani ya timu ile alikuwepo Glenn Ashby, Mwaustralia, bingwa wa A-Class mara nyingi mpaka inachosha kutaja, na fedha ya Olimpiki ya Tornado 2008 juu. Kwa hiyo maarifa yalivuka kutoka boti kubwa kwenda ndogo na kurudi tena, huwezi kuyazuia mpakani. Bodi za A zikawa na umbo la J, baadaye la Z, zinateremshwa kwa juu kwa kuzungushwazungushwa mpaka zipite, kanuni imefuatwa herufi kwa herufi, na usukani ukafungwa vibawa chini kusaidia kutuliza boti. Mashindano ya dunia ya 2014 Takapuna, New Zealand, boti zinaruka hasa zikienda na upepo, na nani kashinda? Ashby.

Kwa hiyo angalia hesabu ilivyokaa. Kilichoogopwa ni gharama, zikapanda. Kilichoogopwa ni boti za zamani kuachwa, zikaachwa. Na juu ya hayo klasi ikapata kitu ambacho pengine isingekipata kama ingeruhusu kuruka wazi toka mwanzo, yaani foili zilizobuniwa kwa kulazimishwa zipite kwenye tundu kwanza na kuruka vizuri baadaye, boti inapanda ghafla, inashuka na pua, jamaa anarushwa mbele kama samaki aliyeponyoka nyavuni. Huwezi kuniambia hiyo ni salama kuliko foili iliyoundwa na mtu asiye na haja ya kuficha anachofanya. Mkakosa huku, mkakosa na huku.

Najua kuna watakaonirukia hapa na mfano wa Moth, ngoja niulete mwenyewe. Moth ni boti ya mtumbwi mmoja, si katamarani, lakini ni ndugu kwa kichaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Brett Burvill alikuja na foili za pembeni zilizoinama, klasi ikasema hapana, hizo zinageuza boti kuwa ya mitumbwi mingi, marufuku. Wenzake wa Perth wakahamisha foili wakaziweka katikati, moja kwenye dagabodi moja kwenye usukani, na mwaka 2005 Rohan Veal akachukua ubingwa wa dunia akiruka. Kwa hiyo ndiyo, pale katazo lilizaa boti bora kuliko ile iliyokatazwa. Nakubali, na kwa kweli hilo linanisumbua. Ila tofauti naiona hapa: Moth ilipobanwa upande mmoja ilibaki na mlango mwingine ulio wazi na wenye akili, A-Class ilibana pande zote isipokuwa kitundu. Na watu wa Moth baada ya hapo walikubali kwamba wao sasa ni klasi ya kuruka, hawakukaa miaka wanavutana kama ni sawa au si sawa.

A nao mwishowe wakaamua kugawana. Mashindano ya dunia ya 2018 Hervey Bay, Australia, yalikuwa na mabingwa wawili, Open kwa wanaoruka na Classic kwa wasioruka, bodi za kunyooka au za mviringo wa kawaida, usukani bila vibawa. Open kashinda nani, usiniulize, Ashby tena. Classic kachukua Andrew Landenberger, ambaye ana fedha ya Olimpiki ya Tornado ya 1996, kwa hiyo wale wanaosema Classic ni chumba cha wazee waliochoka wakampigie yeye kelele. Mi maoni yangu mgawanyo huu ungefanyika siku ileile ya 2009. Classic imeandikwa kwa kutaja kitu chenyewe, usukani usiwe na vibawa, umekwisha, hakuna wa kuleta hesabu za sentimita.

Linganisha na Formula 18, katamarani ya watu wawili, nayo ina viwanda vingi vinavyoshindana, mita 5.52 kwa 2.60, kilo 180. Wale hawakuona haya. Mlingoti ni alumini, mitumbwi haina kaboni, wafanyakazi wepesi wana matanga madogo na wazito wana makubwa. Unaweza kusema ni nzito, unaweza kusema imepitwa na wakati, na ni kweli ukiiweka pembeni ya A inaonekana kama lori, lakini ukinunua ya mkononi leo unajua hakuna mtu atakayekuja wiki ijayo na boti inayoruka kihalali akaiacha yako.

Hobie 16 ndiyo imefika mwisho kabisa wa njia hiyo. Haina dagabodi yoyote, umbo la mitumbwi yenyewe, bapa kwa nje na limebinuka upande wa ndani, ndilo linaloshika maji. Hobie Alter aliitoa kama miaka 50 na kitu iliyopita na zimejengwa zaidi ya laki moja, zile za rangirangi unazoziona zimevutwa mchangani mbele ya mahoteli huku pwani kwetu ni hizo au ndugu zake. Mashindano ya dunia boti zinaletwa na waandaaji, mnabadilishana, na mkiwa wawili hamfiki kilo 129 mnabeba uzito wa kujazia. Hata wao wana ubaguzi wao mmoja, Marekani ncha ya mlingoti lazima iwe ya faiba isiyopitisha umeme kwa sababu watu walikuwa wanagusa nyaya za umeme na kufa, nje ya huko alumini mpaka juu inaruhusiwa. Wenye alumini wana faida kidogo, kila mtu anajua, imeandikwa, hakuna kesi.

Na Nacra 17 je? Hapo wengi wanategemea niponde, siwezi. Ilichaguliwa 2012 kurudisha katamarani Olimpiki, mwanamke na mwanaume boti moja, na Rio 2016 Santiago Lange, akiwa na miaka 54 na baada ya kukatwa sehemu ya pafu kwa saratani, akachukua dhahabu pamoja na Cecilia Carranza. Mwaka 2017 wakaigeuza iwe ya kuruka kabisa. Iliuma, timu ndogo ziliumia zaidi maana boti mpya au vifaa vya kubadilishia havitoki mbinguni, lakini walitangaza wakasema kuanzia hapa tunaruka, wote mkapata tarehe moja. Waitaliano Ruggero Tita na Caterina Banti wakaielewa mapema kuliko wengine wakachukua dhahabu mbili mfululizo, Tokyo na Paris. Hakuna aliyeweza kusema ni ujanja wa tundu.

Siwachukii wajanja pia, msinielewe vibaya. Olimpiki ya 2008, mbio za matanga kule Qingdao, China, Wamarekani kwenye Tornado walikuja na spineka iliyokatwa bapa ili waweze kuitumia mpaka kwenye kubisha, wakitegemea upepo mwepesi. Halali kabisa. Upepo ukaja wa kutosha na spineka yao ikawa mzigo, wakamaliza huko nyuma. Ujanja wa namna hiyo nautaka, unabeti kwa tanga lako mwenyewe na bahari inakujibu, boti ya jirani haijaharibika.

Sasa kama kuna vijana wa Kilifi au Tanga wanafikiria kuanzisha mbio zao za katamarani, na Hobie chakavu zinapatikana, mi ningeanza na ukurasa mmoja tu. Foili marufuku, liandikwe neno foili. Tanga jipya moja kwa msimu. Uzito wa watu wawili upimwe wakiwa wamelowa, maana wanaopimwa wakavu huwa wanaongeza nguo wakishafika majini. Na atakayepima asiwe na boti kwenye mbio hizo, hapo ndipo mtakapogombana kweli maana pwani nzima anayejua kupima boti ni yule mwenye boti.