Jeshi la Finland: waajiriwa wachache, akiba kubwa

Finland ina watu wapatao milioni 5.6 na mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi. Jeshi lake limepangwa kwa kuyatazama hayo mawili. Waajiriwa wa kudumu, wanajeshi na raia pamoja, ni kama 12,000 tu, ilhali vita ikizuka mpango ni kusimamisha askari 280,000. Wengi wa hao leo ni walimu, mafundi umeme, madereva wa malori na wanafunzi wa vyuo, waliokwisha kupita jeshini na kurudi uraiani; hao ndio askari wa akiba.

Kila mwanaume anayetimiza miaka 18 anawajibika kwa mujibu wa sheria. Atatumikia siku 165, 255 au 347, kulingana na kazi atakayopewa. Kuruta huripoti kambini Januari na Julai. Baada ya majuma ya mwanzo, baadhi yao huchaguliwa kusomea uongozi. Hao hukaa siku zote 347, na wakihitimu hukabidhiwa kuruta wa awamu inayofuata. Basi unamkuta kijana wa miaka 19 akiwaamsha wenzake alfajiri, akiwakagulia bunduki na kuwaongoza porini kwenye theluji, ofisa wa kudumu akiwa pembeni anasimamia. Mimi naona siri ya jeshi hili iko hapo: akiba ya Finland inatoka kambini ikiwa na masajenti na maluteni wake.

Wanaoukosoa mfumo huu nao wana hoja nzito. Unafuu inaoupata hazina unabebwa na kijana, anayelipwa posho ya kutwa badala ya mshahara na kuchelewa chuo au kazi. Tena ni kijana wa kiume. Wanawake wameruhusiwa kujiunga tangu 1995, lakini kwa hiari. Mwanaume anayekataa jeshi na pia huduma mbadala ya kiraia hufikishwa mahakamani. Dada yake haulizwi kitu. Watetezi husema vitanda na wakufunzi havitoshi kuita jinsia zote. Jibu hilo ni la nafasi na vifaa zaidi kuliko la haki. Norway inawajibisha jinsia zote tangu 2015, ila huchukua sehemu ndogo tu ya kila rika, na Finland ikifuata njia hiyo itaupoteza wingi inaoutegemea.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, iko kwa wale waajiriwa 12,000. Mwaka 2021 Finland iliamua kununua ndege za kivita 64 aina ya F-35, na rubani au fundi wake hapikwi kwa siku 347. Tarehe 4 Aprili 2023 ikaingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ambao nao unadai maofisa katika makao yake makuu. Ofisa huyohuyo anahitajika kufundisha kuruta na kuendesha mafunzo ya marejeo kwa askari wa akiba.

Ujerumani nayo inataka akiba kubwa. Iliposimamisha uandikishaji wa lazima mwaka 2011, ilivunja pia ofisi zake za uandikishaji za wilaya. Desemba 2025 bunge lake lilipitisha sheria mpya: kujiunga bado ni hiari, lakini vijana wa kiume wanaotimiza miaka 18 wanalazimika kujaza dodoso. Dodoso litaleta majina. Sajenti wa kuwapokea hao vijana getini bado hajapatikana.