Saudia: tufunge mlango au tudai mshahara sawa?

Kila mwili wa binti wa Kenya aliyekwenda kufanya kazi za ndani ukishushwa uwanja wa ndege kutoka Saudia mjadala unaanza upya, hawa wanataka serikali ipige marufuku kabisa watu kwenda, wale wanasema waacheni watu watafute riziki, kwani hapa kazi mmewapa? Mimi naona pande zote mbili zina hoja nzito ila zote zinaruka jambo moja, kwamba kule mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani unapangwa kwa kuangalia pasi yake ni ya nchi gani.

Wanaotaka tufunge wana sababu jamani. Kwenye kafala, yaani mfumo wao wa mfanyakazi kudhaminiwa na mwajiri, kibali chako cha kuishi kiko mkononi mwa mwajiri, na mabadiliko ya sheria ya kazi ya 2021 kule Saudia yaliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani. Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Amnesty ya Mei 2025 ilihoji wanawake wa Kenya zaidi ya 70, na humo kuna kazi ya masaa 16 na zaidi kwa siku, kunyang'anywa pasi na simu, kutukanwa kwa ajili ya rangi yao. Huo ni ubaguzi, tusiupambe.

Lakini Kenya ilishafunga mwaka 2014 na kufungua 2017, na katikati hapo mabinti walipitishwa Uganda na kwingineko wakafika kule kule, safari hii bila mkataba unaotambulika na ubalozi haujui wako wapi. Na njaa je? Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113 hivi kwa mwezi, na wengi wetu hata hiyo hatulipi. Saudia wastani wa Wakenya ni riyal 900, kama shilingi elfu 31, na mama anayedaiwa karo ya watoto hizo hesabu anazijua kuliko mbunge yeyote.

Sasa angalia Wafilipino. Kazi ni ile ile, jiko ni lile lile, ila serikali yao mwaka 2006 iliweka kima cha dola 400, yaani riyal 1,500. Na wao hufunga pia, ila wakifunga wanakuwa na madai mezani. Mwaka 2018 mwili wa mfanyakazi wao ulikutwa kwenye friza Kuwait, wakazuia watu kwenda, na Mei mwaka huo huo ukasainiwa mkataba unaokataza mwajiri kushika pasi ya mfanyakazi. Sisi tulifunga kwa hasira tukafungua kwa shida ya pesa.

Najua mtaniambia Kenya ikidai 1,500 peke yake mawakala watahamia kwingine, na ni kweli kabisa, Burundi nayo ilisaini makubaliano na Saudia 2021 na Uganda wako huko siku nyingi. Hii ndo hoja ngumu kuliko zote na sioni ikijibiwa na nchi moja. Kenya, Uganda, Burundi na Tanzania tayari wanakaa meza moja Arusha kwenye Jumuiya, kima kimoja cha mshahara kwa wafanyakazi wetu wa majumbani kianzie hapo, kabla waziri yeyote hajapanda ndege kwenda Riyadh kusaini cha kwake.