Nani alimtenga mwenzake?
Hilo la kwamba vijana wenye asili ya Asia wanaojiunga na vyama vyao vya udugu (fraternity, vyama vya wanafunzi wa kiume) vyuoni Marekani wanajitenga tu, silikubali hata kidogo. Pi Alpha Phi, mojawapo ya vyama hivyo, ilianzishwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1929, enzi ambazo vyama vya Wazungu viliwafungia mlango. Nilikaa bweni moja California na kijana wa Kivietinamu aliyejiunga na chama cha aina hiyo: wiki ya mitihani kaka zake wa chama walimletea sufuria ya supu ya tambi ikifuka moshi, wakakesha naye wakisoma hadi alfajiri. Kinachonitia hofu ni mateso wanayopewa wanachama wapya. Hayo yameshaua vijana, tusiyafumbie macho. Mliosoma huko, wenzenu walipokewaje?