Dkt. Elsie Inglis: sanamu, jina la wodi au bomba la maji?

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, jina linalosikika Moshi na Arusha ni la Florence Nightingale. Wahitimu wa uuguzi hushika mishumaa na kula kiapo chenye jina lake. Dkt. Elsie Inglis ni nadra kutajwa. Je, naye aenziwe huku kwetu? Jibu likitafutwa kwenye sifa za jumla halitapatikana. Tuangalie kazi yenyewe.

Inglis alikuwa daktari wa upasuaji mjini Edinburgh, na alifungua kituo cha uzazi kwa wanawake maskini. Vita vilipozuka mwaka 1914, akiwa na miaka 50, aliiomba wizara ya vita ya Uingereza ipokee hospitali zinazoendeshwa na madaktari wanawake. Akaambiwa arudi nyumbani akatulie. Ufaransa na Serbia zikazipokea.

Serbia, alikokwenda mwenyewe mwaka 1915, ilikuwa inauawa na chawa. Tifasi, ambayo si taifodi ya maji machafu, hubebwa na chawa wa nguo. Vijidudu vimo kwenye kinyesi chake, na mtu anapojikuna huvisukuma mwenyewe ndani ya ngozi. Chawa hutaka joto la kawaida la mwili. Mgonjwa akipanda homa kali, au akifa na kupoa, chawa humhama kwenda kwa aliyelala jirani. Kwa hiyo wodi iliyolaza watu wawili kitanda kimoja ilikuwa inagawa ugonjwa usiku kucha.

Dawa ya kutibu haikuwapo. Kulikuwa na utaratibu tu: mgonjwa anavuliwa kila kitu mlangoni, ananyolewa, anaogeshwa, na nguo zake zinapita kwenye mvuke kabla yeye hajafika kitandani. Palipokosekana mashine, madaktari wa kijeshi walioko Serbia walitumia pipa la mbao lililotobolewa chini na kuwekwa juu ya chombo cha maji yanayochemka, nguo zikining'inia ndani. Kosa la kawaida ni kushindilia nguo. Mvuke haufiki katikati, zile za juu zinaonekana zimelowa, mfanyakazi anadhani kazi imekwisha, kumbe mayai ya katikati ni mazima. Baada ya wiki moja hivi chawa wapya wanaanguliwa.

Hapo ndipo wanaotaka Inglis aenziwe wana hoja nzito. Jeshi la adui lilipoingia Serbia mwishoni mwa 1915, alikataa kuwaacha majeruhi wake, akatekwa. Aprili 1916 Serbia ilimpa nishani ya Tai Mweupe, mwanamke wa kwanza kuipata. Baadaye mwaka huo akaenda kuhudumia askari wa Serbia upande wa Urusi, akiwa tayari mgonjwa. Alifariki Novemba 26, 1917, siku moja baada ya kutua Newcastle, Uingereza.

Sasa linganisha tarehe. Machi 1916, mwezi mmoja kabla ya nishani ile, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Moshi na kupigana na Wajerumani Kahe. Nyuma yake walikuwa wapagazi. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika harakaharaka baada ya mwendo wa kutwa. Matumbo yakaharibika, kuhara damu kukafuata. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi. Ujuzi wa maji safi, vyoo na chakula kilichoiva dola ile ilikuwa nao. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Hapa Moshi, aliyesimama kwenye kipilefti ni askari mwenye bunduki.

Inglis hakukanyaga huku, na alizaliwa India ya kikoloni, binti wa mtumishi wa utawala huo. Kuipa wodi ya Moshi jina lake kabla ya mpagazi hata mmoja kukumbukwa ni jambo gumu kulitetea. Hata hivyo si haki kumtwisha makosa ya ofisi zilizomfukuza mlangoni.

Watu wa Edinburgh walijaribu jina na sanamu. Hospitali ya uzazi yenye jina lake ilifunguliwa 1925, ikafungwa 1988. Mpango wa sanamu ulizua ugomvi mwaka 2022, pale mashindano ya wasanii yaliposimamishwa na kazi kupewa mchongaji mmoja, mwanamume. Waserbia wa Mladenovac walikuwa wametangulia: mwaka 1915, yeye akiwa hai, walimjengea chemchemi ya maji ya kunywa. Njia hiyo ndiyo naiona inatufaa.

Lakini maji nayo yana masharti. Maeneo mengi ya Arusha, kuzunguka Mlima Meru, maji yana floraidi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia. Yapimwe kwanza: yakizidi miligramu 1.5 kwa lita, hayafai kunywewa kila siku, na kuchemsha hakusaidii, maana maji hupungua na floraidi hubaki. Kwa mlango wa wodi ya wazazi, tenki la lita 1,000 linatosha watu 500 kunawa na kunywa, kwa lita 2 kila mmoja. Chini ya koki pawe na shimo la mawe la kufyonza maji, la sivyo panageuka dimbwi la mbu. Kinachokufa kwanza ni mpira wa koki, kitu cha bei ndogo ambacho hukosa mwenye kukinunua. Kwa hiyo fedha ya mipira na ya kuosha tenki kila miezi mitatu itengwe kabla ya kumlipa fundi wa kibao cha majina. Na kibaoni wapagazi watangulie, Inglis aandikwe chini yao.