Kitendawili ambacho mtegaji hapokei mji

Juzi baada ya magharibi tulikuwa barazani pale Kibokoni, kahawa tungu inazunguka, na kijana mmoja wa Kisauni akawa anamweleza ami yangu habari za Raxxla. Kwa asiyeijua, Raxxla ni mahali palipofichwa ndani ya Elite Dangerous, lile gemu la anga za juu la kampuni ya Frontier kule Cambridge, na watu wanaitafuta tangu gemu litoke mwezi wa kumi na mbili 2014 na hajatokea hata mmoja wa kusema nimeipata na akaonyesha. Ami alisikiza mpaka mwisho, alafu akauliza swali moja tu. "Na huyo aliyetega, washampa mji?" Kijana akasema washampa kila mji ulioko duniani ami, hapokei. Ami akashusha kikombe: "Basi mwanangu hicho si kitendawili. Hiyo ni siri ya mtu."

Hilo neno nimekaa nalo siku tatu. Manake mimi niko upande wa yule kijana, na nitaeleza kwa nini, lakini ami hajakosea na sitaki kumpita juu juu.

Anachosema ni hivi. Sote tumelelewa na vitendawili, na kitendawili kina mkataba wake ndani. Unasema kitendawili, wenzio wanakwambia tega, unatega, wanajaribu, wakishindwa unawaambia nipeni mji, wanakupa Lamu au Malindi au hata Maskati, unapokea, unasema nilienda Lamu nikafanya moja mbili tatu, na jibu unalitoa hapo hapo. Anayetega akikataa mji kikao chote kinamgeukia, sababu hakuna tena njia ya kujua kama jibu analo au alikuwa anabuni huku akitutizama tunavyohangaika.

Na upande wa ami una ushahidi, si maneno matupu. Jina Raxxla halikuanza 2014, lilianza 1984 na Elite ya kwanza kabisa, ile ya David Braben na Ian Bell ya kompyuta za BBC Micro. Ndani ya boksi kulikuwa na hadithi fupi ya Robert Holdstock, The Dark Wheel, na humo ndimo Raxxla ilitajwa mara ya kwanza. Gemu lenyewe lilikuwa na galaksi 8 za mifumo ya nyota 256 kila moja, yaani mifumo 2,048, mtu mwenye subira angeweza kuimaliza yote. Sasa kijitabu cha maelezo cha gemu hilo hilo kilitaja meli kubwa za vizazi, meli ambazo watu wanazaliwa na kufia ndani kabla hazijafika ziendako, na watu walizitafuta hizo meli miaka na miaka na hazikuwemo. Yalikuwa maandishi tu ya kunogesha. Kwa hiyo mtu akikwambia nyumba hii hii ishawahi kututega kitu kisichokuwepo, sasa tuiamini kwa nini, hilo ni swali la haki kabisa. Studio, yaani Frontier, imeshasema Raxxla imo, imekataa kusema wapi, na Holdstock mwenyewe alifariki 2009.

Kuna jambo lingine ami hakulisema ila mimi nawasemea wenye msimamo wake. Kitendawili kina kwao. Ukimtegea mtoto wa hapa "nyumba yangu haina mlango" anakujibu yai hata hujafunga mdomo, sababu kakua nacho. Dalili za Raxxla zimejaa ngano za Kigiriki na mashairi ya Kiingereza. Mwisho wa 2018 gemu liliongezewa maandishi yenye maneno ya kuinua glasi ya kundi la siri la ndani ya gemu, linaloitwa Dark Wheel kama ile hadithi, yanasema habari za kito kinachowaka kwenye paji la mama wa magalaksi, na papo hapo watu wakaanza kubishana mama ni nani, Hera ambaye kwa Wagiriki maziwa yake ndiyo yaliyomwagika yakawa njia ya nyota, au Cassiopeia mama yake Andromeda, kila mmoja na nyota zake za kwenda kupekua. Kijana wa Kisauni ilibidi asome kwanza hekaya za watu wengine ndio aanze kukisia. Huo mzigo ni wa kweli.

Haya, lakini twende kwenye namba moja, sababu ndiyo inayotumika kuwacheka hawa watu na mimi naona wengi wanaisoma kinyume.

Galaksi ya Elite Dangerous imetengenezwa kwa ukubwa wa galaksi yetu halisi, mifumo ya nyota bilioni 400. Gemu lilipofikisha miaka mitano studio ikatangaza kwamba wachezaji wote kwa pamoja wametembelea asilimia 0.042. Ipige hesabu, ni kama mifumo milioni 168, si kidogo, ila ukigawanya kwa miaka mitano unapata kama milioni 33.6 kwa mwaka, na kwa mwendo huo galaksi nzima inakwisha baada ya miaka karibu elfu 12. Mimi sikutosheka nikaileta nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Kaunti ya Mombasa. Sasa chukua kila mtu, kuanzia mtoto aliyezaliwa jana Makadara mpaka bibi wa miaka tisini kule Mtongwe, mpe kila mmoja meli yake, kila mmoja anaangukiwa na mifumo kama 331,000. Aende mifumo mia kwa siku, bila Ijumaa wala Idi, mji mzima utamaliza baada ya miaka tisa. Na hapo mmefika tu kwenye mfumo, hamjashuka kwenye sayari hata moja kutizama kuna nini.

Watu wakiisikia hesabu hii wanasema mnaona, upuuzi, mnatafuta sindano baharini. Mimi nasikia kitu kingine kabisa. Namba hii inasema kwa miguu haiwezekani, haikuwahi kuwezekana, na kwa hiyo njia iliyobaki ni kusoma. Anayeruka nyota hadi nyota akitegemea bahati huyo kweli anapoteza wakati wake, ila anayekaa na dalili, anayeipima, anayeitupa ikikataa na kuanza upya, huyo anafanya kazi ya pekee yenye maana kwenye galaksi ya bilioni 400, na cha kusikitisha ni kwamba huyo ndiye tunayemwambia hana kazi.

Na si nadharia, ishatokea. Mwaka 2015 wachezaji waliokota kitu angani, wakakiita Unknown Artefact sababu hakuna aliyejua ni nini. Kikawa kinatoa milio. Watu wakairekodi, wakaisikiza tena na tena, wakagundua ndani yake mna msimbo wa Morse, ule wa kuandika herufi kwa milio mifupi na mirefu, na ukiifumbua inataja jina la sayari au kituo kilicho karibu. Hakuna aliyewaambia wasikilize. Alafu mwengine akaona kile kitu ukikiachia kinageuka chenyewe kuelekea upande fulani, wakajaribu sehemu tofauti tofauti, wakachora mistari, na mistari yote ikawa inaelekea nyota moja, Merope.

Merope ni moja ya nyota za lile kundi la Kilimia! Kile kile Kilimia ambacho wazee wetu wa pwani walikuwa wanakitizama kujua msimu, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilipomwambia ami hapo ndipo alipogeuka kunitizama vizuri. Mwezi wa kwanza 2016, kwenye mwezi mmoja wa mfumo wa Merope, wakakuta vitu vinaota kwenye ardhi, wakaviita barnacles, jina la vile viumbe vyenye magamba vinavyogandia chini ya ngalawa, na mwaka mmoja baadaye wenyewe wenye vile vitu, Thargoids, viumbe wageni wa ndani ya gemu, wakajitokeza mbele za watu. Miaka miwili ya kusoma dalili, na kila hatua ilisimama juu ya ile iliyotangulia.

Au yale magofu ya Guardians, jamii ya kale iliyotoweka ndani ya gemu. 2016 studio ilitoa trela yenye magofu kwenye sayari fulani, haikusema wapi. Wachezaji wakaisimamisha ile video, wakaacha magofu wakatizama mbingu iliyokuwa nyuma yake, wakauliza, ni sehemu gani ya galaksi ambayo ukisimama mbingu inakaa hivi? Mwezi wa kumi wakafika. Hiyo ndugu zangu ni kazi ya nahodha. Ndiyo hiyo hiyo ya watu waliotoka Mombasa na majahazi wakavuka mpaka Arabuni na Bara Hindi kwa kujua nyota gani inatokea wapi na saa ngapi. Kijana wa Kisauni hajawahi kupanda jahazi la safari ya mbali na pengine hatapanda, lakini saa hizi anakwambia mbingu ya Kilimia inavyogeuka ukiisogelea na nyota gani zinaachana, na amejifunza spektrogramu, yaani kuugeuza mlio uwe picha, sababu Unknown Probe, kitu kingine cha ajabu kilichokuja baadaye, mlio wake ulikuwa na mchoro ndani. Hakuna darasa alilokaa akafundishwa haya.

Ndio maana ule ukimya wa studio siuoni kama dhulma vile ami anavyouona. Fikiria wakipokea mji leo. Kesho kutakuwa na video ya dakika nne yenye jina la mfumo na namba za mahali, watu elfu kwa elfu wataruka moja kwa moja, watapiga picha, wataondoka, na wiki ijayo wako kwenye gemu jengine. Lile kundi la watu waliokuwa wanakagua kazi ya mwenzao usiku kucha halitakuwa na cha kukagua. Na zile meli za vizazi, mwaka 2017 zikawekwa ndani ya Elite Dangerous na wachezaji wakazipata wenyewe kwa kufuata ishara, miaka thelathini na tatu baada ya kutajwa kwenye kijitabu. Kwa hiyo ushahidi wa ami unakata kotekote, nyumba iliyotega kitu kisichokuwepo ilikuja kukiweka.

Ila kuna mahali nakubaliana na ami tena kwa uzito wote, na hapa watetezi wa ukimya wengi wananyamaza. Ule mkataba wa mji una sababu yake, mtegaji akiondoka jibu lisiondoke naye. Elite Dangerous haichezeki bila intaneti. Mwezi mmoja kabla halijatoka 2014 studio ilivunja ahadi ya kuliwezesha lichezwe nje ya mtandao, watu walikasirika sana, na sisi huku tukajua maana yake mara moja, hata kama nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa hapa Mombasa 2009, bando ikiisha galaksi yako imefungwa. Mwaka 2022 wachezaji wa PlayStation na Xbox wakaambiwa hawatapata tena mambo mapya, na kwa vijana wengi wa huku ambao mashine yao ni konsoli ya mitumba, safari iliishia hapo. Na twajua seva zinazimwa. Kampuni ya Ubisoft ilizima gemu lake la magari, The Crew, tarehe 31 mwezi wa tatu 2024 na watu walioinunua wakabaki na jina tu. Siku Frontier ikizima seva, bilioni 400 zote zinaondoka na Raxxla ndani yake, na hapo maneno ya ami yatakuwa kweli neno kwa neno.

Kwa hiyo mimi sidai wapokee mji leo. Nadai waandike wasia. Jibu liwekwe mahali kwa mtu wa kuaminika, na waseme hadharani kwamba siku seva ya mwisho itakapozimwa bahasha itafunguliwa, mahali palikuwa hapa, dalili zilikuwa hizi, na hii ndiyo njia ambayo mngeipita. Haigharimu kitu, haiharibu utafutaji wa hata mtu mmoja leo, na mtegaji anakuwa amejifunga mbele ya kikao.

Ami nimempelekea wazo hilo jana akasema hapo sawa, huo ni mji uliocheleweshwa lakini ni mji. Yule kijana ndiye aliyekataa. Anasema akijua bahasha ipo hatasoma tena vile anavyosoma sasa, ataanza kuisubiri, na wengine watafanya kama yeye. Tumebishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake, na hatujakubaliana.